Chumvi, Chokaa na Saruji: Kwa Nini Kuta za Nyumba za Pwani Hazikauki

Unyevu ukutani ni tatizo ambalo wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wamelizoea kiasi cha kuliona kuwa sehemu ya maisha ya kando ya bahari, kama lilivyo joto, ilhali sehemu kubwa ya tatizo hilo hutokana na sababu zinazojulikana na zinazoweza kuondolewa. Kuanzia Lamu na Mombasa hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, Bagamoyo na Dar es Salaam, dalili ni zilezile: rangi hufura na kubabuka, lipu hupukutika na kuacha vumbi sakafuni kila asubuhi, nguo kabatini huota koga, na chumba kilichofungwa siku mbili tu hunuka uvundo. Tiba nayo ni moja karibu kila mahali, yaani kukwangua ukuta, kupiga lipu mpya ya saruji na kupaka rangi ya mafuta, na matokeo yake pia ni mamoja, kwa kuwa baada ya misimu miwili au mitatu ya masika ukuta hurudi ulivyokuwa au hali huwa mbaya zaidi. Makala hii inashikilia kwamba tiba hiyo, hasa katika nyumba za mawe, ndiyo inayozidisha tatizo, kwa sababu huziba njia ambayo maji yangeitumia kutoka na kuiacha wazi njia ambayo maji huitumia kuingia.

Kabla ya kuamua lolote ni lazima kujua maji yanatoka wapi, na swali hili, ingawa huonekana jepesi, ndilo linalorukwa na mafundi wengi pamoja na wenye nyumba wanaowaita. Doa lililo darini au katika pembe ya juu ya ukuta, linalotanuka mvua inaponyesha na kufifia jua linapowaka, huashiria bati lililotoboka, msumari uliolegea, gata iliyoziba kwa majani au ufa kwenye ukingo wa paa. Doa linalobaki bichi mwaka mzima, kiangazi na masika, hasa karibu na bafu au jiko, huashiria bomba linalovuja ndani ya ukuta au chini ya sakafu, na hapo mita ya maji huwa shahidi mzuri, kwani ikiendelea kuzunguka ilhali bomba zote zimefungwa, uvujaji upo. Ukungu mweusi unaoota nyuma ya kabati au katika pembe isiyopitiwa na upepo mara nyingi ni matokeo ya maji yaliyomo hewani. Unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda karibu kwa usawa kwenye ukuta mzima, hadi kimo cha goti, kiuno au kifua, hutoka ardhini.

Unyevu huu wa ardhini hupanda kwa nguvu ya kapilari, yaani tabia ya maji kujipandisha yenyewe ndani ya vitundu vyembamba mno bila kusukumwa na kitu chochote, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa koroboi. Jiwe la matumbawe, tofali la kuchoma, tofali la saruji na lipu yenyewe vina vitundu vya namna hiyo kwa mamilioni, na ukuta uliosimama juu ya udongo mbichi bila kizuizi katikati huyavuta maji mfululizo. Kwa kawaida maji hayo hupanda hadi kimo cha mita 1 au mita 1 na nusu, kisha husimama pale ambapo kiasi kinachovutwa kutoka chini hulingana na kiasi kinachokauka kupitia uso wa ukuta. Mlingano huo ndio ufunguo wa mambo mengi yatakayoelezwa hapa chini, kwa maana kimo cha unyevu hutegemea wingi wa maji ardhini na vilevile urahisi wa maji hayo kutoka, hivyo kila kinachozuia ukuta kukauka huyapa maji sababu ya kupanda juu zaidi.

Pwani hutofautiana na bara katika jambo moja kubwa, nalo ni chumvi. Maji yanayopanda ukutani huwa yameyeyusha chumvi za udongo. Upepo wa bahari huleta chembe nyingine na kuzituliza juu ya kuta. Na katika nyumba nyingi chumvi imetiwa tangu siku ya kwanza ya ujenzi, kwa kutumia mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa kwa maji baridi. Maji yanapokauka kwenye uso wa ukuta, chumvi haiondoki nayo, bali hubaki pale na kuganda kuwa fuwele, yaani vipande vidogo vyenye ncha na pande zilizonyooka. Fuwele zikiganda juu ya uso, huonekana kama unga mweupe unaofutika kwa kiganja na madhara yake ni madogo. Zikiganda ndani ya vitundu, chini kidogo ya uso, husukuma kuta za vitundu hivyo kwa nguvu inayotosha kupasua jiwe, na kazi hiyo hurudiwa kila ukuta unapolowa na kukauka.

Athari yake huonekana vizuri kwa mtu anayeinama na kuutazama ukuta kwa karibu. Mara nyingi sehemu iliyooza zaidi haiko chini kabisa, ambako ukuta ni mbichi daima na chumvi hubaki imeyeyuka, bali iko juu kidogo, kwenye ukanda ambamo unyevu huishia, kwa kuwa hapo ndipo maji yanapokauka na kuacha mzigo wake. Katika ukanda huo rangi huwa imejikunja kama maganda, na chini ya maganda hayo kuna manyoya meupe membamba yanayoanguka kwa pumzi. Lipu ikigongwa kwa kifundo cha kidole hutoa mlio wa kitu kitupu, kwa maana imeshaachana na jiwe, na ikibanduliwa huacha nyuma yake unga wa rangi ya udongo ambao zamani ulikuwa chokaa imara.

Chumvi ina tabia ya pili inayowachanganya watu zaidi ya hiyo ya kwanza. Unyevu wa hewa hupimwa kwa asilimia, ambayo ni ulinganisho kati ya mvuke uliomo hewani na mvuke wote ambao hewa hiyo ingeweza kuubeba katika joto lilelile. Chumvi ya kawaida ya baharini, unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75, huanza kunyonya mvuke huo na kuyeyuka yenyewe. Katika miji ya mwambao kiwango hicho hupitwa usiku na alfajiri kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa masika hupitwa hata mchana. Ukuta wenye chumvi nyingi kwa hiyo hulowa bila mvua, bila bomba kupasuka na bila maji kupanda kutoka chini, kisha hukauka adhuhuri na kulowa tena usiku, na kila mzunguko huongeza fuwele na kubomoa lipu. Hii ndiyo sababu nyumba iliyorekebishwa paa na mabomba yake inaweza kuendelea kutoa jasho ukutani kwa miaka, na mwenye nyumba akadhani ametapeliwa na fundi, ilhali chanzo cha maji kimekwisha kuondolewa na kilichobaki ni chumvi ambayo hakuna aliyefikiria kuitoa.

Wajenzi wa zamani wa pwani waliishi na chumvi hiyohiyo na mvua hizohizo, na nyumba zao zimesimama. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa mwaka 2001, ni miji ya mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, yenye kuta za unene wa sentimita 50 au 60 na pengine zaidi, na dari za boriti za mikandaa ambazo urefu wake, usiozidi sana mita 3, ndio ulioamua upana wa vyumba. Mapaa ya awali mengi yalikuwa bapa, ya zege la chokaa lililopondwapondwa hadi likashikana, na baadaye mabati yalitandazwa juu yake. Kuta hizo hazikujengwa kwa nia ya kuyazuia maji kabisa. Zilijengwa ziyapokee maji kidogo na kuyarudisha hewani, mvua ikilowesha sentimita chache za nje na jua pamoja na upepo vikizikausha kabla ya unyevu kufika ndani.

Kilichowezesha hayo ni chokaa. Matumbawe au mawe ya chokaa yakichomwa tanuuni kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa kali, ambayo ikimwagiwa maji huchemka, hupasuka na kuwa unga au uji mweupe. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kupigwa ukutani hunyonya tena polepole hewa ileile iliyoitoa motoni, na kwa miezi na miaka hurudi kuwa jiwe. Jiwe hilo jipya lina vitundu vingi, ni laini kuliko jiwe la ukuta, na hukubali kujongea kidogo nyumba inapotulia juu ya msingi wake bila kupasuka ovyo. Ulaini huo, unaoonekana kuwa udhaifu kwa jicho lililozoea zege, ndio hifadhi ya nyumba, kwa kuwa chumvi hugandia katika lipu ya chokaa na kuibomoa lipu badala ya kulibomoa jiwe, na lipu hubadilishwa kwa gharama ndogo kila baada ya miaka kadhaa, tena hupakwa chokaa kila mwaka kama ilivyokuwa desturi ya nyumba nyingi kabla ya Ramadhani au sikukuu.

Saruji ilipokuja iliharibu mpango huo wote, ingawa iliingia kwa sifa za haki za ugumu, wepesi wa kukauka na upatikanaji dukani. Lipu ya saruji ina vitundu vichache na vyembamba zaidi kuliko ya chokaa, hivyo maji yaliyomo ndani ya ukuta wa mawe hayawezi kupita humo kwa urahisi. Maji hayo hayatoweki. Hupanda juu ya ukingo wa lipu, na ndipo huonekana ukuta ambao zamani ulilowa hadi goti sasa umelowa hadi bega, au huhamia upande wa ndani ambako lipu ya zamani bado ipo, na chumba kilichokuwa kikavu huanza kunuka. Ncha za boriti zilizozama ndani ya ukuta, zilizokaa kavu kwa zaidi ya karne, hubaki katika unyevu wa kudumu na kuoza mahali pasipoonekana, na mchwa hufuata. Saruji yenyewe huja na chumvi zake zinazoyeyuka majini, nazo huongezeka juu ya zile za bahari. Aidha, kwa kuwa ni ngumu kuliko ukuta inaoufunika, hupata nyufa nyembamba ukuta unapojongea, mvua huingia katika nyufa hizo, na maji yaliyopata pa kuingilia hayana pa kutokea. Hatimaye huanguka vipande vizima, vikiwa vimeng'oa uso wa jiwe pamoja navyo.

Rangi za mafuta na zile za plastiki hufanya jambo lilelile kwa kiwango kidogo, na vigae vya ukutani hulifanya kwa kiwango kikubwa zaidi. Desturi iliyoenea siku hizi ya kubandika marumaru kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, ili kuficha sehemu inayobabuka, inastahili kukemewa bila kumung'unya maneno, kwa sababu huificha dalili kwa mwaka mmoja au miwili na kuusukuma unyevu hadi juu ya kigae cha mwisho, na kuuondoa huko ni kazi ghali zaidi.

Ukarabati wa nyumba ya mawe kwa hiyo huanzia nje, mbali na ukuta wenyewe. Paa hukaguliwa kwanza, kisha gata na mabomba ya kuteremsha maji, kwa kuwa gata moja iliyovunjika inaweza kumwaga juu ya ukuta mmoja maji yote ya upande mzima wa paa. Mji wa Zanzibar hupata takriban milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na kila milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100 kwa hiyo hukusanya takriban lita 160,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hizo katika majuma machache ya masika. Ardhi ya nje nayo hutazamwa: kama njia imesakifiwa kwa saruji hadi kugusa ukuta, unyevu wa udongo uliokuwa ukitoka hewani hapo hauna njia ila kupanda ukutani, na ni afadhali kuacha ukanda mwembamba wa kokoto kando ya ukuta, wenye mteremko unaoyapeleka maji mbali.

Baada ya hapo lipu ya saruji hubanduliwa hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu, na ukuta huachwa wazi. Hatua hii ndiyo inayowashinda watu wengi, kwa sababu ukuta mnene hukauka kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, na hakuna anayependa kuishi na mawe matupu sebuleni kwa muda huo. Lakini lipu inayopigwa juu ya ukuta mbichi wenye chumvi itapukutika hata kama ni ya chokaa bora. Katika kipindi hicho chumvi inayojitokeza husuguliwa kwa brashi kavu na kuzolewa kila juma, wala haioshwi kwa maji, kwani maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Ukuta uliojaa chumvi kupita kiasi hubandikwa tope la udongo safi lililochanganywa na mchanga, likaachwa likauke na kubanduliwa pamoja na chumvi iliyolinyonya, na kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa.

Lipu mpya huwa ya chokaa, kwa kipimo kilichozoeleka cha sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga uliooshwa, katika matabaka membamba yanayopewa muda wa kushika moja baada ya jingine, huku yakikingwa na jua kali na kunyunyizwa maji au kufunikwa magunia mabichi, kwa sababu chokaa inayokaushwa haraka hugeuka vumbi. Chokaa ya mifuko inayouzwa madukani inafaa ikiwa ni mpya. Iliyokaa miezi mingi katika mfuko uliofunguka huwa imekwisha kunyonya hewa na kurudi kuwa jiwe la unga, nayo haishiki tena. Iliyo bora ni ile iliyolowekwa kwenye pipa chini ya maji kwa majuma kadhaa. Fundi aitumiaye lazima avae glavu na miwani, maana huunguza ngozi na inaweza kupofua jicho. Zamani chokaa hii ilitokana na matumbawe na kuni nyingi za tanuu, jambo ambalo miamba ya bahari na misitu ya leo haiwezi kulihimili, lakini mawe ya chokaa ya nchi kavu, kama ya Tanga, hutoa chokaa inayofaa kazi hiyo.

Ujuzi huu haujapotea. Zahanati ya Kale ya Zanzibar, jengo lililoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan katika miaka ya 1880, ilikarabatiwa katika miaka ya 1990 na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na mafundi wa hapohapo walifunzwa upya kazi za asili katika mradi huo. Katika Mji Mkongwe, Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji, iliyoundwa mwaka 1985, ndiyo inayotoa vibali vya ukarabati, na mwenye nyumba anayekwenda kwake kabla ya kununua mifuko ya saruji hujiepusha na hasara.

Nyumba za kisasa za matofali ya saruji zina matatizo ya aina nyingine, na kwa sehemu kubwa hutokana na vitu vilivyoachwa wakati wa ujenzi ili kupunguza gharama. La kwanza ni tabaka la kuzuia unyevu, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi tatu tu, DPC, yaani ukanda mwembamba wa plastiki ngumu au wa lami unaolazwa juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, ili maji ya ardhini yasivuke. Pamoja nao hutandazwa nailoni nzito chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Bei ya vitu hivi viwili ni sehemu ndogo sana ya gharama ya nyumba, ilhali kuviweka baada ya nyumba kukamilika hulazimu kukata ukuta au kuvunja sakafu. Hata vilipowekwa, kazi yake huweza kufutwa na mambo madogo: lipu ya nje iliyoteremshwa hadi kugusa udongo, kitalu cha maua kilichojazwa udongo dhidi ya ukuta, au barabara ya mtaa iliyoinuliwa mwaka hadi mwaka mpaka sakafu ya nyumba ikawa chini yake. Ukanda huo unapaswa kubaki angalau sentimita 15 juu ya ardhi iliyo nje.

Jambo la pili ni mtindo wa paa lililofichwa nyuma ya ukuta, ambao umeenea mno katika vitongoji vya Dar es Salaam na miji mingine, na ambao kwa nchi ya mvua kubwa ni uamuzi mbaya. Paa la kawaida lenye upenu wa sentimita 60 hadi 90 huuvika ukuta mwavuli na kutupa maji mbali na msingi. Paa lililofichwa huyakusanya maji hayo katika mfereji uliofungiwa ndani ya kuta za juu, na mfereji huo ukiziba kwa majani au ndege akijenga kiota mdomoni mwa bomba, maji hufurika kuelekea ndani. Kuta za nje nazo hubaki bila upenu wowote na kupigwa na mvua za kusi moja kwa moja. Aliyekwisha kujenga namna hiyo hana budi kuusafisha mfereji kabla ya kila masika na kila vuli, na kuhakikisha kuna bomba la dharura la kutolea maji lililo chini ya usawa wa ukingo wa ndani wa mfereji.

Tofauti na nyumba za mawe, nyumba za kisasa zina nondo ndani ya zege, na chumvi ya mchanga wa bahari ikifika kwenye chuma huharakisha kutu, ambayo huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Zege hupasuka kufuata mstari wa nondo na kudondoka. Ufa wa namna hiyo kwenye mkanda au kwenye nguzo ni suala la mhandisi, wala haupaswi kujazwa saruji na kupakwa rangi.

Unyevu wa hewani ndio uliobaki, na huu hauhitaji paa bovu wala msingi mbaya. Hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika kila mita 1 ya ujazo, na ya nyuzi 20 haizidi takriban gramu 17. Hewa ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 ikipozwa hadi nyuzi 26 hivi huwa imejaa kabisa, na ikigusa kitu baridi zaidi ya hapo huanza kuacha matone. Joto hilo huitwa kiwango cha umande. Chumba cha kiyoyozi kilichopozwa hadi nyuzi 22 usiku kucha, kisha mlango ukafunguliwa asubuhi, hupokea hewa ambayo lazima itoe maji juu ya kuta, vioo na sakafu, na likirudiwa kila siku ukungu hauna budi kuota. Kukitegesha kiyoyozi kwenye nyuzi 26 hupunguza tatizo hilo na gharama ya umeme pia.

Wakazi wenyewe huongeza maji hewani. Familia ya watu wanne au watano, kwa kupumua, kupika, kuoga na kufua, huweza kutoa lita 10 za mvuke kwa siku, na kilo 1 ya gesi ya kupikia inapoungua huzalisha zaidi ya lita 1 na nusu ya maji kwa namna ya mvuke. Nyumba ya Lamu yenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, iliutoa mvuke huo bila juhudi yoyote, na madirisha marefu ya Mji Mkongwe yenye mbao za kupitisha hewa yaliendelea kupumua hata yakiwa yamefungwa. Dirisha la alumini la kuteleza hufunguka nusu tu, na likifungwa halipitishi chochote. Kwa hiyo inafaa kuweka matofali yenye matundu juu ya madirisha ya jiko na bafu, kupanga madirisha yakabiliane ili kaskazi na kusi zipite, kusogeza makabati sentimita 10 kutoka ukutani, kuanika nguo nje, na kufungua nyumba kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni, wakati joto la mchana limepunguza asilimia ya unyevu wa hewa.

Kwa mwenye kutilia shaka kama maji yanatoka hewani au ndani ya ukuta, kipimo rahisi ni kubandika kipande cha nailoni angavu cha ukubwa wa karatasi ya kuandikia, kingo zake zote zikizibwa kwa gundi ya utepe, na kukiacha siku mbili. Matone yakionekana upande wa chumbani, hewa ndiyo yenye kosa. Yakionekana nyuma ya nailoni, ukuta ndio unaotoa maji.

Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2009 mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, ukieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo wana hatari kubwa zaidi ya dalili za njia ya hewa, maambukizi ya kifua, mzio na pumu. Watoto wanaolala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, karibu na ukuta uleule unaobabuka, ndio wanaoathirika kwanza. Ukungu hufutwa kwa maji ya sabuni, mfutaji akiwa amevaa barakoa na madirisha yakiwa wazi, na kamwe dawa ya klorini isichanganywe na dawa nyingine za usafi, kwani huweza kutoa hewa ya sumu. Godoro au zulia lililoota ukungu hadi ndani halisafishiki, na ni bora litupwe. Mwenye nyumba anayempangisha mtu chumba cha aina hiyo baada ya kupaka rangi juu ya ukungu anamuuzia maradhi, na mpangaji mwenye busara huugonga ukuta kwa kidole na kuangalia nyuma ya mlango kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

Kazi ya kubandua lipu hufaa kuanza mara masika yanapokwisha, mwezi Juni, ili ukuta upate miezi ya upepo wa kusi na ukavu wake. Lipu ya chokaa ipigwe baada ya vuli, Januari ikianza, wakati mvua zimekatika, na ukuta ukingwe jua la kaskazi kwa magunia mabichi. Chokaa ya kupaka hufuata majuma machache baadaye, kwa matabaka matatu au manne mepesi kama maziwa. Rangi ya dukani isiguse ukuta huo wakati wowote.